Watoto wa Bibi Mfano

Si zamani, wala si mbali. Ipo nchi moja iitwayo Jamhuri ya Pongezi, ambayo wewe msomaji hujawahi kufika, na ukimsikia mtu akisema inafanana na kwenu, mwambie aache uchochezi. Ni nchi nzuri. Wananchi wake wana viganja vigumu kuliko nyayo kwa sababu ya kupiga makofi, na serikali yake ina wizara ishirini na nane, zote zikimalizikia kwa jina la nchi: Wizara ya Maji na Pongezi, Wizara ya Barabara na Pongezi, na hii inayotuhusu leo, Wizara ya Afya na Pongezi. Maji yakikatika, barabara ikimezwa na mto, pongezi hubaki pale pale, kwa hiyo hakuna waziri aliyewahi kukosa kazi.

Kwenye pembe ya mwisho ya nchi hiyo, ng'ambo ya Mto Kimezi, kipo Kituo cha Afya cha Kwambali. Mkuu wake alikuwa tabibu mwanamke wa miaka thelathini na minne, Siwema Mtondoo. Siwema aliijua kazi yake. Alitibu homa, aliunga mifupa, na mwanamume mmoja aliyekatwa panga kwenye ugomvi wa mpaka alimshona vizuri mpaka yule bwana akawa anavua shati sokoni kuonyesha kovu. Jambo moja tu hakulijua: kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua.

Si kwamba chumba cha upasuaji hakikuwepo. Kilikuwepo, kina kitanda, kina taa kubwa, kina visu ndani ya karatasi zake. Kilikuwa kimezinduliwa na mawaziri wanne kwa nyakati tofauti, kila mmoja na utepe wake, na mkasi wa kukatia tepe hizo ndio chuma pekee kilichowahi kukata kitu mle ndani. Mama akishindwa, hupakiwa kwenye gari kupelekwa hospitali ya wilaya, mwendo wa saa sita. Hiyo ni kiangazi. Masika Mto Kimezi ukijaa, saa hazihesabiki tena.

Miaka mitatu nyuma Siwema alikaa ukingoni mwa mto ule tangu asubuhi mpaka alasiri, ameshika mkono wa mama aitwaye Mboni, wakisubiri maji yapungue. Nyonga za Mboni zilikuwa nyembamba na mtoto alikuwa mkubwa. Maji hayakupungua. Mtoto alifia tumboni, Mboni akaponea chupuchupu, na Siwema alilia palepale matopeni mbele ya watu wala hakuona aibu.

Sasa Mboni alikuja tena kituoni, ana mimba ya miezi miwili. Wote wawili walihesabu kwa vidole na wote wawili wakaangukia mwezi uleule, katikati ya masika.

"Safari hii utanipasua wewe, daktari," Mboni akasema.

"Mboni, mimi sijui kupasua."

"Basi jifunze. Una miezi saba."

Akajifunga kanga yake vizuri, akaenda zake shamba.

*

Siwema alikuwa akiandika barua tangu siku ile ya mtoni. Aliandika nyingi, na wizara, kwa adabu yake, ilizijibu zote kwa kumpongeza kwa mwandiko mzuri. Mwishowe wafadhili fulani wa ng'ambo, watu wasiojua desturi za nchi, wakaisoma mojawapo ya barua hizo na kufanya jambo la ajabu: walituma kilichoombwa.

Kabla mwezi haujaisha lilikuja sanduku refu, na ndani yake mlikuwa na mama wa mpira. Alikuwa mzima kuanzia kichwani mpaka kwenye mapaja, ana tumbo la mimba iliyokomaa, na ndani ya tumbo ana mji wa mimba wa mpira, na ndani ya mji wa mimba ana mtoto wa mpira. Ukimkata anatoka damu ya rangi, inayosukumwa na pampu. Ukichelewa kumzuia damu, kitaa chekundu kinawaka kifuani na mashine inalia, maana yake umemuua, anza upya. Pamoja naye yalikuja matumbo ishirini ya akiba, ili watu wakate, wakosee, wabadilishe tumbo, wakate tena. Wazo lenyewe ni jepesi: kosea kwa wa mpira usije ukakosea kwa wa nyama.

Siwema alipomwona, machozi yalimlenga. Alinyoosha mkono amguse.

"Usiguse!" sauti ikapaa nyuma yake.

Huyo alikuwa Profesa Ngulumba, Mkufunzi Mkuu wa Taifa, mtu mfupi mwenye suti ndefu, aliyekuwa amesindikiza sanduku kutoka mji mkuu. Profesa alikuwa amebobea katika upasuaji kwa kiwango kwamba ilikuwa miaka kumi na tisa hajaingia chumba cha upasuaji, ili asiwaonee wengine.

"Hii ni mali ya serikali," akasema. "Imeshapigwa namba pajani. Kifungu cha kumi na nne: atakayekata, kutoboa, kukwaruza au kubonyeza mali ya serikali, miaka saba jela."

"Lakini Mheshimiwa Profesa, imeletwa ikatwe."

"Imeletwa tufundishie," akajibu Profesa. "Kukata ni matumizi mabaya."

Siku iliyofuata Waziri mwenyewe alifika kuizindua. Kwambali nzima ilikusanywa uwanjani tangu saa mbili, na Waziri alitokea saa nane, amependeza. "Ndugu wananchi," akasema, "wenye wivu wanadai akina mama wetu wanapata shida kujifungua. Mtazameni mama huyu! Analia? Analalamika? Ana mimba ya miezi tisa na anatabasamu! Huyu ndiye mfano wa mama wa Pongezi. Kuanzia leo nampa jina: Bibi Mfano!" Makofi yakapigwa mpaka kunguru wakahama. Mboni naye alipiga, kwa kuwa wasiopiga waliandikwa majina.

*

Mafunzo yalichukua siku tatu, na walikuja matabibu kumi na wawili kutoka vituo vya mashambani, wengine wametembea kwa miguu. Bibi Mfano aliwekwa mbele, kitandani, nyuma ya kamba. Kila mshiriki alipewa mpini wa kisu usio na kisu, akaambiwa asimame mahali penye nafasi.

"Mgonjwa wa kwanza wa mpasuaji," akasema Profesa, "ni hewa. Hewa haivuji damu, haina ndugu, na haijawahi kuandika malalamiko. Pasueni!"

Wakapasua hewa. Waliikata ngozi ya hewa, wakatenganisha misuli ya hewa, wakamtoa mtoto wa hewa na kumpigapiga makalioni. Tabibu mmoja kutoka kusini alisifiwa sana kwa kushona hewa kwa mkono mmoja. Mwingine alipunguziwa alama kwa kuwa aliondoka bila kuifunga hewa yake, na Profesa akawaonya kuwa uzembe wa namna hiyo ndio unaoua.

Siwema alinyoosha mkono. "Mheshimiwa Profesa, damu ikianza kutoka kwa wingi, naanza kushika wapi?"

Profesa alimtazama kwa huruma.

"Damu ya nani?" akauliza.

Kwa kosa la kuuliza, Siwema alishika mkia. Wenzake walipewa Cheti cha Kupasua Hewa, Daraja la Kwanza, yeye akapewa Daraja la Pili. Nyuma ya vyeti vyote palikuwa na maandishi madogo: mwenye cheti hiki akipasua aliye hai ni miaka saba jela, mpaka apate Cheti cha Kupasua Walio Hai, kitakachotolewa baada ya kupasua mara kumi kwa vitendo, mahali patakapotajwa.

Kabla ya kuondoka, Profesa aliamuru Bibi Mfano asirudishwe sandukuni, atachubuka. Alazwe kwenye wodi ya wazazi, chumba cha peke yake, chini ya feni, ndani ya chandarua, na apewe mlinzi. Akina mama wawili waliokuwa na kitanda chumbani humo wakahamishiwa mkekani. Yale matumbo ishirini yakafungiwa stoo, na masharti yake yakabandikwa mlangoni: hutoki na tumbo jipya mpaka urudishe lililokatwa. Siwema aliyasoma masharti hayo mara tatu akitafuta upenyo, hakuuona.

Kosa, kama ni kosa, lilifanywa na muuguzi wa kituo, Sista Felista, mama wa miaka hamsini na saba aliyebakiza miaka mitatu astaafu na ambaye alikuwa ameamua kuimaliza bila kuvunja agizo hata moja. Agizo la wodi lilisema: hakuna kitanda kinachokaliwa bila faili. Felista akafungua faili. Akaandika jina: Bibi Mfano. Umri: mpya. Kazi: kufundishia. Mimba: miezi tisa. Hali: haongei. Na kwa kuwa kila mgonjwa hupimwa asubuhi, kila asubuhi alimpima, akaandika joto lake, ambalo lilikuwa lile la chumba.

"Sista, hivi kweli unampima mpira?" Siwema akamuuliza siku moja.

"Mwanangu, mimi napima kitanda. Aliyelala humo si shauri langu."

Rejista ilitumwa mjini kila mwezi. Huko hakuna aliyeshtuka. Miezi sita ikapita na Bibi Mfano akawa mgonjwa bora wa taifa: hakufa, hakulalamika, hakumaliza dawa. Tumbo la Mboni likakua, na Siwema akazunguka na uzi mfukoni, akijifunza fundo kwenye mpini wa ndoo, kwenye kamba ya chandarua, kwenye pindo la koti lake. Machinjioni aliomba vipande vya utumbo wa ng'ombe, akavikata na kuvishona mezani kwake. Ilisaidia mikono. Lakini utumbo wa ng'ombe hauna mtoto ndani, wala haumwambii mtu kwamba amechelewa. Mawingu yalipoanza kujikusanya upande wa mto, alimwendea Felista.

"Naogopa, sista. Nitamuua."

Felista alimmiminia chai.

*

Wiki ya kwanza ya mvua ikaja barua yenye muhuri mwekundu. Kompyuta mpya ya wizara ilikuwa imejumlisha. Barua ilisema hivi:

"Imebainika kuwa mgonjwa wenu Bibi Mfano ana mimba ya miezi kumi na mitano. Hali hii inaitia doa sura ya taifa. Azalishwe kwa upasuaji ndani ya siku saba, na apewe kila anachohitaji. Mgonjwa hatahesabiwa kuwa amepona mpaka tabibu aridhike. Zingatia idhini ya mume. Hongereni."

Siwema aliisoma, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na kule chini kicheko kikageuka kilio. Kisha akainuka, akajifuta uso.

"Kila anachohitaji," akasema. "Sista, matumbo yote ishirini anayahitaji."

"Imeandikwa," akasema Felista, naye tayari ameshika ufunguo wa stoo. "Ila kuna idhini ya mume. Bila mume mimi sifungui."

Wote wawili wakamgeukia mlinzi. Huyu aliitwa Kisanji, alikuwa na koti la serikali na rungu, na kwa miezi sita alikuwa akilala mlangoni kwa Bibi Mfano.

"Msinitazame hivyo," akasema Kisanji. "Mimi nina mke, mnamjua."

"Ni saini tu, Kisanji."

"Saini ndiyo ushahidi anaoutafuta!"

Alisaini. Na habari, kama ilivyo desturi yake, ilimtangulia nyumbani. Saa moja haikupita, mkewe Mwajabu akaingia wodini amejifunga kibwebwe. "Yuko wapi mke mwenzangu? Yuko wapi huyo anayelala kwenye feni miezi sita na mimi napepea kwa ungo?" Akafunua chandarua. Alimtazama Bibi Mfano muda mrefu, kuanzia kichwani mpaka pale alipoishia, kwenye mapaja.

"Hana miguu," akasema.

"Hana," akakubali Kisanji.

"Haya. Huyo nimekuruhusu." Akavuta kigoda, akakaa kuangalia.

*

Siku saba hizo Siwema hakufanya kazi nyingine mchana kutwa, ila wagonjwa wa lazima. Alivaa glovu, akaomba kisu, akakata. Tumbo la kwanza alikata kwa woga, akarudia mara tatu palepale, na alipomfikia mtoto kitaa chekundu kilikuwa kimeshawaka. Bibi Mfano akafa. Tumbo la pili alikata kwa haraka mno na kumchana mtoto shavu. Tumbo la tatu aliufikia mji wa mimba vizuri, akamtoa mtoto, kisha damu ikamzidi nguvu na hakujua ashike wapi, lile lile swali aliloshikia mkia, na Bibi Mfano akafa tena huku anatabasamu.

"Niandikeje?" akauliza Felista. "Muhuri wa vifo waliuchukua wilayani mwaka jana ili vipungue."

"Andika amepumzika."

Alipumzika mara saba. Mara ya nane hakupumzika. Siwema alikuwa amejua pa kushika. Vidole vyake vilifika pale kabla hajavituma, na alipoinua kichwa aliona mashine imenyamaza na Mwajabu amesimama juu ya kigoda akipiga vigelegele. Baada ya hapo ikawa ngozi, mafuta, utando, misuli, mji wa mimba, mtoto. Kondo, uzi, fundo, fundo. Felista alikuwa upande wa pili wa kitanda, anajifunza kumpa kisu kabla hajaombwa. Kisanji alibadilisha matumbo na kumrudisha mtoto wa mpira mahali pake, akimuomba radhi kila mara. Tumbo la ishirini lilikwisha kwa dakika chache kuliko muda wa kuchemsha mayai, na Felista, kwa kuwa agizo lilitaka kila upasuaji uwe na mstari wake, aliandika mistari ishirini, watoto ishirini, mama mmoja.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha kama imetumwa, wanaume sita waliingia uani wamebeba kitanda. Juu yake alikuwa Mboni. Mumewe alikuwa mbele, matope mpaka kiunoni.

"Tumetoka mtoni," akasema. "Mto haupitiki."

"Ameanza lini?"

"Jana asubuhi."

Siwema alimpima. Ilikuwa vilevile kama miaka mitatu nyuma, nyonga zilezile, mtoto mkubwa vilevile. Tofauti ni kwamba moyo wa mtoto ulikuwa bado unapiga, kwa kuchoka.

"Daktari," Mboni akasema kwa shida, "umejifunza?"

Siwema alikuwa na Cheti cha Kupasua Hewa, Daraja la Pili. Mbele yake kulikuwa na miaka saba jela. Akakunja mikono ya koti lake.

"Nimejifunza," akasema.

Felista alimchoma Mboni ganzi ya mgongo, kazi aliyoijua tangu ujana wake. Taa kubwa iliyozinduliwa mara nne iliwashwa kwa mara ya kwanza kwa ajili ya mtu. Siwema akashika kisu, akakata. Ngozi, mafuta, utando, misuli. Damu ilikuja, ya kweli, ya moto, na vidole vyake vikaenda pale. Hakukuwa na kitaa cha kumwambia kitu. Alisikiliza pumzi za Mboni. Akaingiza mkono, akamshika mtoto kichwa, akamtoa, wa bluu, mlegevu, kimya. Felista akampokea na kumsugua kwa kanga, akamsugua, akamsugua.

Yule mtoto akalia kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa mapema. Alikuwa wa kike. Mboni, kwa kuwa alikuwa macho, alisikia yote.

*

Wakati huo rejista ya zile siku saba ilikuwa imeshatumwa mjini kwa redio ya polisi, kwa kuwa mto ulikuwa umejaa. Mjini walisoma kwamba mama mmoja wa Kwambali amejifungua watoto ishirini ndani ya siku saba, wote wazima. Hakuna aliyeuliza swali, kwa kuwa inajulikana mkia ni wa anayeuliza. Profesa Ngulumba alikimbilia kwa Waziri na kusema haya ndiyo matunda ya mafunzo yake. Waziri akatangaza. Rais akataka picha.

Siku ya tatu baada ya Mboni kupasuliwa, helikopta ikatua uwanjani. Ilikuwa helikopta ya serikali ya kukagua mafuriko, ambayo kazi yake ni kupita juu ya waliofurikiwa na kuwapungia mkono. Akashuka Profesa, mpiga picha na zulia.

"Watoto wako wapi?" akauliza kabla ya salamu.

Kisanji akaleta mtoto wa mpira, ana plasta shavuni.

"Wengine?"

"Ni huyuhuyu, Mheshimiwa. Alikuwa anarudi."

Profesa alianza kutoka jasho. Huko mjini zilikuwa zimeshashonwa kofia ishirini za watoto zenye picha ya Waziri. Akazunguka wodi akitafuta pa kushika, na ndipo aliposikia sauti ya mtoto akilia. Akafungua mlango wa pili. Akamwona Mboni amelala, bandeji tumboni, mtoto kifuani.

"Huyu amepasuliwa," akasema taratibu. "Amepasuliwa na nani?"

Siwema alipiga hatua mbele. Alikuwa ameshaagana na mama yake asubuhi ile, kwa tahadhari. Alifungua kinywa aseme ni mimi, lakini Kisanji akamtangulia, amevua kofia na kuiweka kifuani.

"Mheshimiwa, huyo mtoto ni wangu mimi na Bibi Mfano. Wa ishirini na moja. Saini yangu iko kwenye faili. Huyu mama anamnyonyesha tu, maana mke wangu yule hana maziwa."

"Hana kabisa," akathibitisha Mwajabu kutoka kwenye kigoda chake. "Nimemkagua."

Profesa alimtazama mtoto. Alikuwa hai, mnene, anapiga kelele, anafaa kwa picha. Akatazama bandeji ya Mboni. Alijua. Mtu hafikii uprofesa hata kule Pongezi bila kujua bandeji ni kitu gani. Lakini bandeji ingempeleka Siwema jela na yeye mwenyewe kwa Waziri mikono mitupu, na kofia zingemtosha mtoto.

"Cheti cha kuzaliwa kitaandikwa mama ni Bibi Mfano," akasema. "Na huyu hapa hakupasuliwa. Ana bandeji kwa mapenzi yake. Ila akipinga, sheria ifuate mkondo wake."

Wote wakamtazama Mboni. Siwema alishindwa kuvumilia. "Hapana, Mboni. Usikubali. Ni mwanao. Mimi nitakwenda huko jela, miaka saba si mingi."

"Nyamaza, daktari," akasema Mboni. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilifika kila kona. "Mwanangu wa kwanza nilipewa karatasi yake. Cheti cha kifo. Jina langu limeandikwa pale vizuri, herufi hazikukosewa hata moja, na muhuri mzuri. Nimelala na karatasi ile miaka mitatu. Haikuwahi kulia usiku hata mara moja." Akamsogeza mtoto kwenye ziwa. "Safari hii nipeni mtoto mimi. Karatasi mpeni huyo wa mpira."

Hakuna aliyepiga makofi, na katika historia ya Jamhuri ya Pongezi hilo halijawahi kutokea tena.

*

Mtoto alipigwa picha mara ishirini na moja, kila mara na kofia. Bibi Mfano akatunukiwa Nishani ya Uzazi, Daraja la Kwanza, na likizo ya miezi mitatu. Profesa akapandishwa. Siwema alipata barua ya onyo kwa kumaliza matumbo yote ya stoo ndani ya mwaka mmoja wa fedha. Daraja halikujengwa, kwa kuwa takwimu zilionyesha Kwambali hakuna anayepata shida.

Masika yaliyofuata Mto Kimezi ulijaa kama kawaida yake. Siku moja mchana Siwema alikuwa ofisini, anasoma barua mpya kutoka mjini. Ilisema:

"Rejista inaonyesha Bibi Mfano amejifungua kwa upasuaji mara thelathini na nne. Wizara inampongeza, lakini inaingiwa na wasiwasi kuhusu afya yake. Aelimishwe mara moja juu ya uzazi wa mpango."

Alikuwa bado anacheka aliposikia miguu mingi uani, miguu ya watu waliobeba kitu kizito. Akasimama, akaanza kunawa mikono mpaka kwenye viwiko. Kupitia dirishani alimwona kijana asiyemfahamu, ameloa, ameshika upande mmoja wa kitanda, na Sista Felista amesimama mlangoni na faili jipya.

"Jina la mgonjwa?" Felista akauliza.

Yule kijana alitoka kijiji cha mbali sana, lakini alionekana ameshaelekezwa na majirani jina lisilompeleka daktari jela.

"Bibi Mfano," akasema.

"Mleteni," akaita Siwema. "Anaijua njia."